Tuulize wakati mawe yanamwagwa

Haya ni maneno niliyosema kwenye mkutano wetu wa mtaa Jumapili iliyopita. Wengi hamkufika sababu ya ile mvua ya asubuhi na wengine mkaniomba niyaandike, basi nimeyaandika kama yalivyotoka, pale nilipokimbia nimeongeza maneno mawili matatu.

Mwenyekiti wetu, mtendaji wetu, wajumbe wa mashina, shikamooni wazee wangu. Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Na vijana wangu wa bodaboda mliosimama kule kwenye mwembe sogeeni jamani, hili linawahusu na nyie, njia ikifungwa wa kwanza kuzunguka ni nyie.

Mimi mnanijua, ni mama wa duka la hardware pale njia panda, nipo mtaa huu tangu 2009. Nilikuja huku bado panaitwa shamba, mikorosho kila upande, ukitaka maji unasubiri boza au unakwenda kisimani na ndoo. Leo ukisimama mlangoni kwangu unaona bati tu mpaka macho yanapoishia. Na nasema hivi mapema ili mtu asije akasema huyu mama anapinga maendeleo, mimi nakula kwa ujenzi, wanangu wamesoma kwa sementi na misumari ya nyumba zenu, hata mtu akinunua nondo zake Kariakoo bainding waya ikimuishia katikati ya kazi atamtuma kijana kwangu. Mtaa ukijengwa mimi nafurahi kuliko mtu yeyote hapa.

Ninachoomba leo ni kitu kimoja na nakisema mwanzo kabisa ili hata anayewahi shughuli aondoke nacho. Naomba mtaa wetu uwe na daftari la ujenzi. Kaunta buku ya kawaida tu, ikae ofisi ya mtaa, na kila tunapoona mawe au mchanga umemwagwa kwenye kiwanja tuandike na tuulize hapohapo, kabla msingi haujachimbwa.

Sasa nieleze kwa nini.

Mnakumbuka zile mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa 2023 zikaja kuungana na masika ya 2024, kuna usiku mmoja haukulala mtu. Pale bondeni kwetu kuna kale ka-korongo kanatoka juu kanapita nyuma ya nyumba kanashuka mpaka mtoni, upana wake zamani ulikuwa hatua mbili za mtu mzima, kiangazi kakavu watoto wanacheza mpira humo, mvua ikinyesha kanajaa saa moja hivi kisha kanatulia. Miaka yote kalikuwa kanafanya kazi yake na hakuna aliyekawazia. Halafu ukajengwa ukuta wa fensi ukapita juu yake, fundi akaacha matundu mawili ya bomba la inchi 4 chini ili maji yapite. Inchi 4 jamani, bomba la choo, ndiyo libebe maji ya mlima mzima. Usiku ule chupa za maji na mifuko na majani ya migomba vilifika pale vikaziba matundu yote mawili, na maji yakikosa njia hayakai yakasubiri, yakageuka kushoto.

Kushoto anakaa bibi yetu, mnamjua wote, anaishi na wajukuu watatu. Ilikuwa saa nane usiku. Aliwapandisha wale watoto juu ya meza ya kulia chakula akasimama mwenyewe ndani ya maji ameshika meza isielee, mpaka vijana walipovunja dirisha kuwatoa. Asubuhi nilikwenda. Unga umelowa, godoro mmelibeba nyie vijana watu wanne sababu lilikuwa zito kama mtu, madaftari ya shule yameshikana kurasa. Na ukutani kuna mstari wa matope umenyooka kama umepigwa kwa kamba ya fundi, nikasimama pembeni yake ukanifika nyongani. Bibi ameshapaka chokaa mara mbili, ule mstari bado unaonekana, nendeni mkaangalie.

Sasa sikilizeni. Ule ukuta haukuota usiku. Mawe yalikuja kwa fuso mchana, sote tukaona likipita limeinama upande. Mchanga ukaja siku ya pili. Mafundi walikuwa wanapika ugali wao pale pale chini ya mpapai kwa siku kadhaa, mama ntilie wetu akawauzia mpaka maharage. Watu wakapita wakisalimia poleni na kazi. Na mimi ninayesimama hapa, sementi ya ule ukuta ilitoka dukani kwangu. Yale mabomba ya inchi 4 nilikata mimi kwa msumeno wangu, vipande viwili, nikamuuliza yule fundi vipande viwili tu? akasema vinatosha mama, nikahesabu hela nikaweka kwenye droo. Nalijua lile korongo tangu 2009. Nilijua kabisa. Sikusema neno, nikasema moyoni kiwanja cha mtu, ya nini kuingilia.

Mwenye ukuta yupo hapa amekaa kule nyuma, tumeshayazungumza na ameniruhusu niseme. Yeye alinunua eneo lake kwa hela yake halali, ameoneshwa mipaka na dalali kiangazi, korongo limekauka limeota nyasi, hakuna aliyemwambia hapa maji yanapita. Angejuaje? Anatoka kazini usiku, alitaka ukuta wa kuwazuia wezi kama mtu mwingine yeyote. Mimi simlaumu, tuliotakiwa kumwambia ni sisi tulioishi hapa misimu kumi na kitu ya mvua.

Baada ya mvua tukaanza kuhangaika. Ofisi ya kwanza wakatuambia nendeni ya pili, ya pili walikuja wakatazama wakapiga picha, wakasema ukuta umeshasimama kuubomoa kuna taratibu, notisi, siku za notisi, na yeye akikata rufaa tena siku nyingine. Miezi ikapita. Mwisho tulikaa wenyewe chini ya mwembe ule pale vikao vinne, jirani yetu akakubali, ukavunjwa mita moja na nusu tukaweka kalvati na wavu wa nondo wa kuzuia taka, nusu ya gharama alitoa yeye nusu tukachanga. Wengine mliochanga hapa hela ya kuchanga mlikopa, nawajua. Na kazi yote ile ingefanywa na vigingi viwili na kamba, asubuhi moja tu, kama tungekwenda siku fuso lilipomwaga mawe.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote. Nyumba ikiwa msingi unazungumza na mtu kuhusu kamba na vigingi. Ikifika kwenye lenta, juu ya madirisha, unazungumza kuhusu hela zake. Ikishaezekwa unazungumza kuhusu watoto wake watalala wapi, na hapo hata kiongozi mwenye roho ngumu anasita, na anasita kwa haki.

Kuna mtu atasema mama hiyo ni kazi ya manispaa. Ndiyo ni kazi yao, na hatuwaondolei. Lakini tuangalie mji huu ulivyokwenda. Sensa ya 1978 Dar es Salaam ilikuwa na watu 843,090. Sensa ya 1988 watu 1,360,850. Ya 2012 watu 4,364,541, na hii ya 2022 tumefika 5,383,728. Yaani kutoka 2012 mpaka 2022 wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, hao peke yao ni wengi kuliko mji mzima wa 1978. Na mpango kabambe wa jiji, ule mchoro mkubwa unaosema hapa makazi hapa viwanda hapa bonde liachwe, kulikuwa na wa 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979, halafu tukakaa na huo wa 1979 miaka na miaka watu wakimiminika. Waliomiminika walikuja wapi? Walikuja huku kwetu pembezoni, Goba, Kinyerezi, Chanika, Madale, Toangoma, kwa wenye mashamba waliokuwa wanakata vipande vya 20 kwa 20 na kuuziana kwa karatasi ya serikali ya mtaa. Serikali ilijaribu, ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Kibada na Buyuni na Mivumoni, barabara pana mpaka leo ukienda unaziona. Ila mji ulikuwa unakimbia kuliko wapima.

Kwa hiyo afisa mipango miji wa manispaa ana kata kibao na gari labda moja, hawezi kujua kwamba leo Jumanne kwenye kichochoro cha nyuma ya kanisa pamemwagwa kokoto. Anayejua ni mama anayeanika nguo pale. Ni nyie bodaboda mnaopita mara thelathini kwa siku. Macho tunayo tayari, kinachokosekana ni pa kuandikia.

Na sheria haituoni kama wambea. Hapa naomba mnisikilize vizuri sababu nimekaa na watu wanaojua nikaelezwa taratibu. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inasema eneo la mipango miji huendelezi ardhi bila kibali cha mamlaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ndiyo hizo mita 60 mlizokuwa mnazisikia wakati wa bomoabomoa ya bonde la Msimbazi Desemba 2015, nyumba zinapigwa X nyekundu watu wanalia. Wale waliolia pale hawakujenga kwa usiku mmoja. Wengine walikaa miaka mingi, walilipia umeme, wana watoto waliozaliwa pale. Na mafuriko ya Desemba 2011 yalikuwa yameshapita, yaliyoua zaidi ya watu 40, ikasemwa mvua ya namna ile haijaonekana tangu 1954, wengine wakahamishiwa Mabwepande, na bado nyumba zikasimama tena bondeni. Hapa mtaani kwetu kuna viwanja vitatu vinavyouzwa sasa hivi kule chini karibu na mto, mabango yameandikwa kwa rangi kwenye mti. Mtu atakayevinunua hayupo hapa leo, labda bado anakusanya hela huko Arusha au anafanya kazi Oman anatuma kidogo kidogo kwa mdogo wake. Jamani huyo mtu tunamwachaje aje azike hela yake pale? Kumwambia tu, dada yangu, hapa ni ndani ya zile mita 60, nenda manispaa kaulize kabla hujalipa, ni uungwana wa kawaida.

Kitu kingine, jengo kubwa linapojengwa linatakiwa liwe na kibao pale mbele kinachosomeka, kimeandikwa mkandarasi nani, mhandisi nani, mshauri nani, mwenye mradi nani. Ukipita ukakuta ghorofa linapanda hakuna kibao, hilo tayari ni jambo la kuandika kwenye daftari. Na mtu anapotaka kubadilisha matumizi, kiwanja kilikuwa cha makazi anataka kuweka gesti au gereji au kiwanda cha tofali, mabadiliko hayo yanatakiwa yatangazwe ili majirani wapate nafasi ya kusema. Mara ngapi tangazo linabandikwa linanyeshewa linabanduka hakuna aliyesoma? Tukiwa na daftari na watu watatu wa zamu, tangazo litasomwa na litatajwa kwenye mkutano.

Nizungumze kidogo kuhusu maghorofa maana huku yameanza kufika, apatimenti zinapanda pale barabarani na mimi nauza vifaa najua nisemalo. Mfuko mmoja wa sementi ukitengeneza tofali za inchi 6 kwa haki unapata thelathini na kitu. Kuna wanaotoa 50 na kupita, tofali ukiliangusha linakuwa mchanga. Kwa banda la kuku sawa. Kwa nyumba inayobebeshwa ghorofa nyingine juu ni kaburi. Tarehe 29 Machi 2013, ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa linajengwa mtaa wa Indira Gandhi katikati ya jiji lilianguka likaua watu 36, na ikaelezwa ghorofa zilikuwa zimezidi zile za kwenye kibali. Kulikuwa na watoto wanacheza pembeni. Tarehe 16 Novemba 2024 Kariakoo, Jumamosi asubuhi watu wapo kwenye biashara, jengo likashuka, watu zaidi ya 20 wakafa, na wengine walikuwa chini ya kifusi wanapiga simu kwa ndugu zao. Mimi nilikuwa nimepanga kwenda Kariakoo kufuata mzigo siku ile nikachelewa. Nimelifikiria jambo hili usiku mwingi. Majirani wa majengo kama yale wanaona nyufa, wanaona chini panachimbwa, wanaona ghorofa ya kwenye mchoro imeisha na bado wanamwaga zege. Wanaambiana kwa maneno, na maneno yanapeperuka.

Sasa mtu ataniuliza, wananchi wa kawaida wanaweza kweli? Wameshaweza, hapa hapa Dar. Hananasif pale Kinondoni, miaka ya 1990, watu walichoka na mafuriko wakaunda kamati yao, ukaja mradi wa kuboresha makazi na ILO, shirika la kazi duniani, wakasaidia, mitaro ikachimbwa na wakazi wenyewe kwa mikataba na malipo, akina mama wakibeba mawe. Ubungo Darajani wakazi walichanga hela zao wenyewe kurasimisha eneo, wataalamu wa chuo cha ardhi kabla hakijaitwa Chuo Kikuu Ardhi wakawachorea, na watu wakakubaliana nani aachie hatua ngapi njia ipite. Mnajua ugumu wa kumwambia mtu aachie hatua mbili, kule waliweza kwa sababu walikaa kikao kabla nyumba hazijabanana kabisa. Halafu 2015 ukaanza mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo wakiingia mitaani na wakazi, kata kama Tandale, kila nyumba kila mtaro kila choo cha umma kikawekwa kwenye ramani, wakarusha na ndege zisizo na rubani wakapata picha za juu. Kilichonigusa mimi ni kwamba waliokuwa wanajua maji yanafika wapi ni wenyeji, wale vijana wa chuo na vifaa vyao vyote ilibidi wamuulize mama wa pale, mvua kubwa maji yanakufika wapi? naye anaonesha kwa mkono, hapa. Kama bibi yetu na ule mstari wake.

Na sisi hatuanzi sifuri. Ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilitupa majina ya barabara na namba za nyumba, na sensa ya mwaka ule ule kwa mara ya kwanza ilihesabu na majengo. Kwa hiyo kwenye daftari hatuandiki tena nyumba ya mama fulani karibu na mbuyu, tunaandika jina la barabara na namba ya jirani wa karibu, afisa akija hata kama haujui mtaa wetu anakuta pa kuanzia.

Nije kwenye kinachowapa watu hofu maana nimeyasikia yakisemwa pembeni. Kwamba hii italeta uadui. Kwamba mwenye wivu atamwandika jirani yake kila siku. Kwamba ni njia ya watu kuomba hela. Hofu hizi ni za kweli na mimi nazichukua kwa uzito, nimeona mitaa mingine mtu anajenga choo tu wanakuja watu watano kila mmoja anataka ya soda. Kwa hiyo napendekeza hivi na naomba mkutano uamue. Daftari linasomwa kwa sauti kila mkutano wa mtaa, lote, hakuna ukurasa wa siri. Anayeandika anaweka jina lake. Linaandika kitu kinachoonekana ukiwa umesimama barabarani, mawe, msingi, mtaro uliozibwa, bikoni ya mpaka iliyong'olewa, kibao kilichokosekana, na haliandiki mambo ya ndani ya nyumba ya mtu, nani analala na nani au hela kapata wapi. Hakuna anayeingia uwanja wa mtu bila kukaribishwa. Hakuna anayesimamisha fundi, sisi hatuna mamlaka ya kumsimamisha mtu, tunauliza kwa adabu na jibu linaandikwa, kama kuna tatizo mtendaji anapeleka manispaa na tarehe aliyopeleka inaandikwa pia, ili tukiulizwa mlikuwa wapi tuseme tulikuwa hapa, tarehe hii. Na atakayeomba hata mia tano kwa mtu kwa sababu ya daftari, jina lake lisomwe hapa mbele ya watoto wake.

Kuhusu wapangaji, kuna mzee wangu mmoja namheshimu sana alisema wiki iliyopita hili ni la wenye nyumba. Mzee wangu naomba nitofautiane na wewe kwa heshima. Nusu ya wanaoingia dukani kwangu ni wapangaji. Shimo la maji taka likifurika mbele ya vyumba vya kupanga anayekanyaga ni mpangaji, gari la zimamoto likishindwa kupita atakayeungua ni mpangaji. Na wengi ndio wanaoshinda mtaani mchana wenye nyumba wakiwa makazini mjini. Waandike na wao.

Na njia, Mungu wangu, njia. Sikutaka kurefusha lakini hili lazima. Mama yake jirani yetu wa kule juu alipozidiwa mwaka jana tulimtoa kwa mkokoteni mpaka barabarani, mkokoteni wa maji, tumeweka godoro na kitenge, kwa sababu ile njia ambayo gari ilikuwa inapita, huyu kasogeza fensi hatua moja, huyu kajenga ngazi za fremu, huyu kapanda michongoma, ikabaki upana wa bajaji na bajaji yenyewe ikunje vioo. Kila mmoja alichukua hatua moja tu. Yule mama alipona alhamdulillahi. Kwenye daftari kurasa za nyuma nimeacha za njia, napendekeza tupime upana wa kila njia mara moja sasa hivi kwa futi, tuandike, ili mwakani mtu akisema ilikuwa hivi hivi siku zote tuwe na cha kumwonesha.

Mwenyekiti nimalizie maana naona mnatazama mawingu. Kaunta buku nimeinunua, kava ngumu, kalamu mbili nimezifunga kwa uzi zisipotee, lipo hapo mezani. Nimepiga mistari kwa rula, tarehe, barabara na namba ya jirani, kilichoonekana, tuliyemuuliza, alichojibu, aliyeandika. Zamu ya wiki ya kwanza naomba watu watatu wajitokeze leo, mmoja akiwa kijana wa bodaboda.

Ukurasa wa kwanza nimeshaujaza, ni wa kwangu. Nataka kuongeza fremu mbili mbele ya duka, mawe yanakuja Alhamisi, na mbele ya duka langu kama mnavyojua maji ya kutoka njia panda ndiko yanakopita. Jumamosi saa 1 asubuhi nitakuwa pale na kamba na vigingi, mafundi nimewaambia wasichimbe mpaka nyie mje mnioneshe niishie wapi.